Mto wa Kuangalia na Mto wa Kuchota

Mwaka jana nilipokuwa likizo nyumbani Songambele, rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anaishi Toronto, alinitumia picha kwenye WhatsApp. Hakuandika maneno mengi. "Huu ndio mto unaopita nyuma ya mtaa wetu. Ulichorwa na mwanamke mwaka 1796." Nikaifungua. Ni mchoro wa rangi za maji: mto mwembamba, miti imesongamana kingo zote mbili, na mti mmoja mkubwa umeanguka ukalala kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, umekuwa daraja. Nikaukodolea macho muda mrefu. Kusema kweli niliona wivu.

Bibi alikuwa karibu, anamenya ndizi za jioni. Nikampelekea simu. Akafuta mikono kwenye kanga, akaisogeza simu mbali kidogo na macho kama afanyavyo siku hizi.

"Mto," akasema. Kisha akatafuta kitu kwenye picha, kama mtu anayetafuta sura ya ndugu kwenye picha ya harusi. "Wanaochota wako wapi?"

Nikamwambia hawamo.

"Basi hayo maji yana shida." Akanirudishia simu, akaendelea na ndizi zake.

Nilicheka. Usiku sikucheka tena, kwa sababu ambayo nitaieleza mbele. Kwanza nimtambulishe mchoraji, maana hajulikani sana huku kwetu, na nadhani anastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Anaitwa Elizabeth Simcoe. Alizaliwa Uingereza mwaka 1762. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake akafariki katika kumzaa, ndiyo maana wakampa jina la kati Posthuma, yaani aliyekuja baada ya kifo. Akaolewa na mwanajeshi, John Graves Simcoe, na mwaka 1791 wakavuka bahari kwenda Kanada, mume akiwa ameteuliwa kuwa mtawala wa kwanza wa jimbo lililoitwa Upper Canada. Walisafiri na watoto wawili wadogo. Mabinti wanne wakubwa wakabaki Uingereza. Kwa miaka mitano Elizabeth alilala kwenye mahema, alipanda mitumbwi, aliandika shajara, na alichora. Alichora mito, maporomoko, misitu inayoungua, nyumba za magogo. Nyingine alizichora juu ya magome ya miti. Huko alimzaa binti, Katherine, mwaka 1793, na mwaka uliofuata akamzika hukohuko.

Mto wa kwenye picha unaitwa Don. Jina hilo alilitoa mume wake, akikumbuka mto Don wa kwao Yorkshire. Wenyeji wa Anishinaabe walikuwa na jina lao, Wonscotonach. Ardhi yenyewe Waingereza walidai waliinunua mwaka 1787, na mkataba wa ununuzi huo ulikuwa na mashimo kiasi kwamba serikali ya Kanada ilikuja kuwalipa Wamississauga dola milioni 145 mwaka 2010. Hayo yote kwenye mchoro hayaonekani. Kuna maji, miti na mwanga.

Enzi zile kuchora kwa rangi za maji kulihesabiwa kuwa kazi ya kike, au tuseme mchezo wa kike, kama kudarizi na kupiga kinanda. Vijipande vikavu vya rangi vilikuwa vimeanza kuuzwa madukani, unavilowesha kwa brashi popote ulipo. Mwanamke wa familia nzuri alitakiwa kuweza kuchora, ila asizidi. Chama cha wachoraji wa rangi za maji kilipoanzishwa London mwaka 1804, wanawake waliingizwa kwa mlango wa pembeni, bila sauti kwenye uendeshaji wala fungu la faida. Ndiyo maana naona wivu wangu haukuwa wa kijinga. Huyu mama hakuruhusiwa mengi, lakini kile kidogo alichoruhusiwa alikifanya kwa bidii hadi leo tunajua mti gani ulilala juu ya mto gani, mwaka gani.

Lakini swali la Bibi liko palepale. Wanaochota wako wapi? Mtu akikaa ukingoni saa nzima anachora, kuna mtu mwingine saa hiyohiyo anapika, anafua, anambembeleza mtoto. Elizabeth alikuwa na yaya na watumishi. Wala sisemi hivyo kwa kumsuta. Hata mimi naandika makala hii kuna binti jikoni ambaye si mimi niliyemzaa, na chai inakuja.

Mwaka mmoja kabla Elizabeth hajapanda meli, yaani 1790, Immanuel Kant alichapisha kitabu chake kuhusu uwezo wetu wa kuamua kipi kizuri. Hoja yake, kwa lugha ya barazani, ni kwamba ukitaka kujua kama kitu ni kizuri lazima uweke kando kama unakihitaji au hukihitaji. Mwenye njaa hawezi kuamua kama chakula kimepambwa vizuri. Kant anatoa mfano wa jumba la kifalme, na hapo anamtaja chifu mmoja wa Iroquois aliyepelekwa Paris, ambaye katika jiji lile zima hakuna kilichompendeza kuliko sehemu za kuuzia chakula. Kant hamkasirikii. Anasema tu kwamba jibu kama hilo, hata likiwa na haki, halijibu swali lililoulizwa.

Mimi nilipomsoma Kant chuoni nilimtetea chifu. Nadhani wengi darasani tulimtetea. (Kuna kichekesho hapa: Elizabeth Simcoe alikaa na Wairoquois wenyewe. Joseph Brant, kiongozi wa Wamohawk, alikula mezani kwake. Kant hakuwahi kutoka mbali na mji wake.) Na Bibi alipouliza habari ya wachotaji, nikafurahi: chifu wangu huyu hapa, anamenya ndizi Songambele, anamjibu profesa.

Basi tuje kwetu. Sisi wa Kyerwa mto wetu ni Kagera. Unatoka Rusumo, unapanda kaskazini ukitutenga na Rwanda katikati ya mabwawa na mafunjo, halafu unakata kona kwenda mashariki, unapita Murongo ukitutenga na Uganda, hadi Ziwa Viktoria. Hakuna mto unaoleta maji mengi ziwani kuliko huo. Rangi yake ni ya udongo wa vilima vya Rwanda. Wazee wanasoma rangi hiyo kama gazeti: ukiwa mwekundu sana wanasema majirani wamepata mvua na mashamba yao yanaondoka.

Jicho la akina Elizabeth lilifika huku pia, ila lilikuja na wanaume. Novemba 1861 John Speke na James Grant waliingia Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Waliona ziwa dogo karibu na makazi ya mfalme, vilima vimelizunguka, wakapendezwa mno. Wakaliita Windermere Ndogo, kwa sababu lilifanana na ziwa la kwao. Windermere ndiyo nchi ya washairi wa Kiingereza wa enzi ileile ya Elizabeth, nchi ambayo watu walienda kuangalia mandhari kama sisi tunavyoenda harusini, wamejiandaa. Yaani wageni hawa walitembea kutoka Zanzibar mwaka mzima, wakafika, wakaona nyumbani kwao. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni. Speke akamwacha, akaenda Buganda, na Grant akakaa Karagwe kuanzia Januari hadi Aprili 1862. Alikuwa mchoraji. Michoro yake mingi ya safari ile sasa iko kwenye Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Ukitaka kuona Karagwe ya miaka ile ilivyoonekana, unakata tiketi ya ndege.

Na wanawake wa Karagwe? Speke alimpima mmoja wa ukoo wa mfalme kwa utepe, mkono, kifua, paja, kwa kuwa unene wake ulimshangaza, akaandika vipimo kitabuni kwa inchi. Huko Kanada mwanamke alikuwa anaangalia mto, huku mwanamke alikuwa anaangaliwa kama mto. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu ningemalizia makala hapo, kwa hasira safi.

Isipokuwa siwezi kumsema Speke kabla sijasema langu.

Shangazi yangu ameolewa karibu na mto. Miaka michache iliyopita, baada ya pori la Ibanda kupandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, niliagizwa makala ya utalii pamoja na picha. Mhariri alinipigia simu akasisitiza, "Dada, picha iwe safi." Nililala kwa shangazi, nikaamka saa kumi na moja. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mafunjo yamesimama meusi nusu na dhahabu nusu, mto umetulia kama umeshikiliwa pumzi. Nikapiga. Upande wa kulia wa picha walikuwapo wanawake watatu na madumu yao, mmoja akiwa binti wa shangazi yangu, wameinama ndani ya uzio wa vigingi. Uzio ule ulichomekwa majini na wanakijiji baada ya mamba kumchukua mtoto wa jirani. Unachota ndani ya uzio, mamba anabaki nje. Mara nyingi.

Nikakaa na kompyuta, nikakata upande wa kulia.

Sikutumwa kukata. Nilikata kwa sababu picha ilipendeza zaidi. Madumu ya njano yalikuwa yanapiga kelele, vigingi vilikuwa vimekaa hovyohovyo. Nilipokata, mto ukapumua. Picha ikasifiwa, ikasambaa, watu wa Dar es Salaam wakaniuliza hapo ni wapi, wanataka kuja. Binti wa shangazi aliiona kwenye simu ya mtu. Tulipokutana hakunilaumu. Aliweka kidole kwenye ukingo wa kulia, pale kioo kinapoishia, akasema, "Mimi nilikuwa hapa."

Hiyo ndiyo sababu sikucheka usiku ule Bibi alipouliza wanaochota wako wapi.

Sasa nisaidie, msomaji, maana nimeligeuza jambo hili kila upande. Uzuri ule wa asubuhi ulikuwa uongo? Sidhani. Ukungu ulikuwapo kweli. Binti wa shangazi mwenyewe alikiri asubuhi ile ilikuwa nzuri, alisema wakati mwingine wakifika pale wananyamaza wote bila kuambizana, halafu mmoja anasema maji ni baridi na kazi inaanza. Kumbe wanaochota wanaangalia pia. Hapo ndipo utetezi wangu wa chifu wa Iroquois unapoyumba. Nilikuwa nimejifanya mtetezi wa wenye shida kwa kudai hawana muda wa uzuri. Ni heshima ya ajabu hiyo, kumwambia mtu kwamba macho yake yanaishia kwenye dumu.

Ukivuka Kagera kwenda upande wa Kirehe, wanawake wa Rwanda wana sanaa inayoitwa imigongo, ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, inafinyangwa ukutani kwa matuta ya pembe na mizunguko, kisha inapakwa nyeusi, nyeupe, nyekundu. Mapokeo yanaihusisha na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, takriban enzi zilezile Elizabeth alipokuwa na vijipande vyake vya rangi. Mikono iliyoibeba hadi leo ni ya wanawake. Hakuna mto ndani yake. Hakuna mlima, hakuna mawingu. Sitasema kwamba hawakuona mandhari. Labda kitu unachoishi ndani yake hukichori kama kiko mbele yako. Sina uhakika na hoja hii, naiacha hapa.

Kurudi kwa Bibi. Siku mbili baada ya ile picha ya Toronto, tulikuwa tunakunywa chai, nikamuuliza jambo ambalo kwetu haliulizwi ovyo. Nilimuuliza kuhusu mwaka 1994.

Nilikuwa mdogo sana. Ninachokumbuka ni kwamba samaki walitoweka mezani na hakuna aliyeeleza kwa nini. Baadaye nikasoma, kama wote. Mwisho wa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Waliouawa na kutupwa majini, mto uliwabeba. Walipita kwetu, wakapita Murongo, wakapita Kyaka, wakafika ziwani. Upande wa Uganda, wavuvi na wanakijiji waliwatoa majini na kuwazika. Wanaozikwa kwenye makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo wanahesabiwa kuwa zaidi ya 10,000.

Nilitarajia Bibi aseme mto ulikuwa mwekundu, ulinuka, uligeuka. Watu wengi husimulia hivyo, na sina sababu ya kuwakatalia. Bibi alikaa kimya, akazungusha kikombe.

"Mto ulikuwa mzuri mwaka ule," akasema. "Mvua zilikuwa za kutosha. Kila kitu kijani. Tukishuka tunaona maji yamejaa, yanang'aa, ndege wengi. Hicho ndicho kilichonitia hofu. Nilikuwa namwambia babu yako, huu mto haujui?"

Basi. Bibi ambaye nilimweka upande wa chifu alikuwa amefika mahali pa Kant kwa miguu yake, bila kupenda. Uzuri wa kitu uko peke yake. Hauulizi nani anahitaji, nani ameumia. Kwa Kant hilo lilikuwa jambo la kufurahisha, uhuru fulani wa akili. Kwa Bibi lilikuwa jambo la kutisha, na tangu siku ile, anasema, akiona mto umependeza huwa anatazama mara ya pili. Swali lake kwenye simu yangu, wanaochota wako wapi, halikuwa la mtu asiyejua kutazama picha. Lilikuwa ni kutazama mara ya pili.

Usiku ule nikarudi kwa Elizabeth. Nikamwomba rafiki yangu wa Toronto anitafutie shajara yake, sehemu inayohusu mti ule. Akaniletea. Daraja lilikuwa la akina Playter, majirani walowezi. Ulikuwa mti wa jamii ya jozi ulioanguka kuvuka mto, na matawi yake yalikuwa bado hai, yana majani mabichi. Bibi Playter alikuwa mwoga, kwa hiyo wakafunga mti mrefu kwenye matawi ili apate pa kushika. Halafu Elizabeth anasimulia kwamba na yeye alijaribu kuvuka, akadhamiria hasa, na hofu ikamshika kabla hajafika katikati.

Nikasoma mara tatu. Mke wa mtawala wa jimbo, ameishi miaka mitano porini, anasimama juu ya gogo, miguu inatetemeka, maji yako chini. Na anaandika. Angeweza kabisa kuandika kwamba alivuka. Ule mti wa kushikia ndio vigingi vyangu vya Kagera. Yeye hakuukata. Kwenye mchoro sijauona vizuri, labda ni simu yangu, lakini kwenye shajara upo, na hofu yake ipo, na hofu ya jirani yake ipo kwa jina.

Wamississauga hawapo, ni kweli. Hata mwenye kutazama mara ya pili anaacha watu nje. Na michoro mizuri haikuulinda Don. Viwanda na mifereji ya Toronto viliuchafua hadi mwaka 1969 wanaharakati waliufanyia mazishi ya hadharani, wamevaa nyeusi, na jeneza kabisa. Elizabeth na mumewe walijenga nyumba ya magogo, wakaiita Castle Frank kwa jina la mtoto wao wa kiume, na leo jina hilo ni la kituo cha treni. Rafiki yangu anashukia hapo akienda kazini.

Nilipata ile picha yangu ya asili, ambayo haijakatwa, kwenye diski ya zamani. Nikaenda Kayanga, nikaichapisha kubwa, nakala mbili. Moja nilimpelekea binti wa shangazi. Aliipokea, akaitazama, akasema asante dada, akaiweka ndani. Sijui ameiweka wapi na sikuuliza.

Ya pili nilimpa Bibi. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho. Ukungu upo, mafunjo yapo, na kulia vigingi vimekaa hovyo, na madumu matatu ya njano. Alikaa nayo muda mrefu kuliko alivyokaa na ile ya Toronto. Nikasubiri.

"Huyu wa katikati," akasema, akigusa kwa kucha, "hana mfuniko kwenye dumu lake. Kufika nyumbani yamebaki nusu."